Pale Shuka Linapopotea

Tilo Weigand alikuwa fundi wa kupinda vitu ambavyo havipo. Ukimuuliza kazi yake, alikuonyesha skrini iliyojaa visanduku vya kijivu vilivyounganishwa kwa nyuzi nyembamba, ovyo ovyo kama kamba za kuanikia nguo, na alikwambia kwamba hiyo ndiyo programu yenyewe. Hakuandika kurasa na kurasa za maagizo kama wenzake wanaofanya kazi kwenye mabenki. Alivuta uzi kutoka kisanduku kimoja hadi kingine, na kitu kikaanza kuchezacheza ukutani. Mimi ni mtu wa taa. Nimekaa kwenye vibanda vya giza vya kumbi za Frankfurt tangu enzi za balbu zilizokuwa zikituunguza vidole, kwa hiyo vitu vya kuchezacheza ukutani havinibabaishi. Shuka la Tilo lilinibabaisha, nakubali.

Lilikuwa hivi. Ndani ya kompyuta alitandaza shuka tambarare lililofumwa kwa nukta badala ya nyuzi. Kisha ndani ya kadi ya picha, kile kifaa cha kompyuta kinachochora picha, akaweka kijiprogramu kifupi sana, ambacho kazi yake ni moja tu: kila nukta inapopita mbele yake inaambiwa, wewe usikae hapo, nenda pale. Nukta hazijuani. Kila moja inapokea amri yake na kushika njia. Lakini kwa kuwa amri zote zinatoka kwenye fomula moja, zikishafika zinakokwenda shuka limekuwa wimbi, au kuba, au ganda la konokono, laini, bila kona hata moja. Tilo alikuwa akigusa namba kwa kipanya, na ukuta mzima wa nyuma ya jukwaa unafura na kuvimba polepole. Siku za mwanzo alisahau kuziambia nukta kwamba zikihama zigeuze na nyuso zao kuelekea mwanga, basi shuka likawa limepinda vizuri lakini mwanga unaliangukia kana kwamba bado ni tambarare kama meza. Nilicheka mpaka nikakohoa. Akarekebisha palepale huku anatafuna mkate.

Huo ndio mtindo wao, hao watu wa visanduku. Programu haizimwi ili irekebishwe. Inarekebishwa ikiwa inakwenda. Unakata uzi huku picha iko ukutani, unaunga mwingine, na hakuna anayejua. Wana baa yao ya chini ya ardhi karibu na gati za mto Main, wanakutana humo kuonyeshana kazi, na mtu akifunga programu yake ili abadilishe kitu, wote wanapiga meza kwa viganja na yeye ananunua vinywaji. Tilo alijivunia kwamba katika miaka yote hakuwahi kununua hata mara moja. Nilimwambia huo si ufundi, huo ni ubahili.

"Nyamaza, Hedi," alinijibu. "Nyinyi majirani zetu wa Offenbach mnaogopa hata swichi ya sebuleni."

"Na nyinyi wa Frankfurt mmejenga maghorofa mpaka mawinguni, halafu jioni mnakunywa maji ya matofaa yaliyochacha."

"Kwani wewe unakunywa nini?"

"Hayo hayo. Ila mimi sijisifu."

Mwenye onyesho alikuwa Henrike Zobel, mcheza ngoma wa jukwaani, miaka arobaini na mitatu na goti moja bovu. Maisha yake yote alicheza katika vikundi vya mji ule, na maisha yake yote alicheza safu ya nyuma. Si kwamba hakuwa hodari. Alikuwa hodari wa aina ile ambayo viongozi wa vikundi huiweka nyuma ili safu isiyumbe. Daktari alimpa maneno ya wazi: cheza mara moja tena ukitaka, baada ya hapo goti hilo liachie ngazi za nyumbani. Basi Henrike akaomba ukumbi, karakana ya zamani ya tramu upande wa mashariki, na wenye ukumbi wakampa jioni moja ya mwezi wa Mei. Walimpa kwa sharti. Msimu ule ulikuwa wa ngoma na picha za kompyuta, kwa hiyo lazima acheze na fundi wa picha. Ndipo alipoletewa Tilo na shuka lake.

Hakulalamika. Siku ya kwanza tu, tukiwa tunafunga taa za pembeni, aliniambia alichokuwa anakitaka.

"Hedi, mimi nataka dakika moja. Nyingine zote wachukue, picha, muziki, nini sijui. Dakika moja watu wanitazame mimi, basi. Sijawahi kuwa nayo."

"Utaipata."

"Na hilo dude nyuma yangu?"

Nilitazama nyuma yake. Ukuta ule ulikuwa na upana wa tramu tatu, na mtu ni mtu.

Tilo alipanga wimbi. Shuka lingeanza sakafuni, linyanyuke nyuma ya Henrike, lipande, likunjike juu yake kama dari, na yeye awe chini yake mikono juu, kama amelibeba. Wakati huo jicho la ndani ya kompyuta, lile ambalo kupitia kwalo tunaona picha, lingepanda pole na kutazama juu, ili watazamaji wajisikie nao wamo chini ya kuba. Kwenye mazoezi ya kwanza ya mfululizo mzima, kila kitu kilikwenda sawa mpaka hapo. Wimbi lilipanda. Henrike akainua mikono. Jicho likapanda. Na shuka likapotea.

Halikufifia, halikuraruka. Lilipotea lote, ukuta ukawa mweusi. Ikabaki taa yangu moja ya pembeni na mwanamke mwenye mikono juu ambaye hajabeba kitu.

Henrike hakujua kilichotokea nyuma yake, ila aliona mwanga wa sakafuni umeondoka. Hakusimama. Alibaki na mikono juu pumzi mbili tatu, kisha akaanza kuishusha, polepole sana, kama mtu anayetua mzigo ambao amezoea kuwa nao na sasa hajui mabega yake ni ya nani. Msafishaji aliyekuwa anapita na ndoo alisimama. Mtu wa sauti akavua vipokea sauti vyake. Nami nilisahau kuwasha taa iliyokuwa inafuata, jambo ambalo halijanitokea mara nyingi.

Halafu tukasikia Tilo anatukana pale kibandani, pembeni yangu.

"Samahani! Samahani, Henrike! Fomula imevunjika mahali, nitaitafuta."

"Usitafute," Henrike alisema kutoka jukwaani.

Akatafuta. Alitafuta siku nyingi. Alipekua kijiprogramu chake mstari kwa mstari, akajaribu wimbi dogo, wimbi kubwa, akapunguza nukta, akaongeza nukta. Kila jicho lilipopanda, shuka lilitoweka. Alikonda. Na Henrike siku zote hizo alikuwa anajenga ngoma yake upya kuizunguka ile nafasi. Alihamisha vitu. Kila alichokuwa anakifanya kabla kikawa kinaelekea pale, kwenye giza na mikono ile inayoshuka. Mimi nilimpangia taa moja tu, ya juu kushoto, hafifu, inayoshika mikono na shingo. Tulikuwa tumekubaliana bila maneno mengi. Dakika yake ilikuwa imepatikana, na aliyempa ni hitilafu.

Alhamisi ya kabla ya Pasaka tulikula pamoja, maana siku hiyo mji mzima unakula mchuzi wa kijani, mayai na viazi, na asiyekula anatazamwa vibaya. Henrike aliweka uma chini.

"Tilo. Nakuomba uache kulitafuta hilo tatizo. Pale shuka linapopotea, liache lipotee."

"Unanifariji."

"Sikufariji. Ngoma yangu iko pale."

"Nitalipata tu, usiwe na wasiwasi."

"Sina wasiwasi. Ndiyo maana nakuomba. Niahidi."

Tilo alicheka kidogo, uso umemwiva, akaponda kiazi kwenye mchuzi. "Sawa. Nimeahidi."

Tulipotoka nje kuvuta sigara aliniambia, "Ana moyo mzuri yule mama. Anaona nimeshindwa, anajifanya kwamba ndivyo alivyotaka."

"Tilo, ndivyo anavyotaka."

"Hedi, hakuna mtu anayetaka hitilafu."

"Yeye anataka."

"Wewe pia una moyo mzuri," akasema, akanipiga begani. Nilitamani kumpiga mimi, tena si begani. Lakini alikuwa ameahidi, na tangu siku ile sikumwona tena akiipekua ile fomula, kwa hiyo nikaliacha jambo lipite.

Jioni ya onyesho karakana ilijaa. Walikuja wacheza ngoma wa zamani, wazee wa mtaa, na wale watu wa visanduku kutoka baa ya chini, wamesimama nyuma karibu na kibanda chetu na chupa mikononi. Tilo aliwapungia. Alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi, nami nikamtania kwamba anaoa.

Henrike aliingia na nusu ya kwanza ikaenda vizuri. Goti lilimshika mara moja, nililiona kwa sababu namjua, watu hawakuliona. Shuka lilikuwa linapumua nyuma yake. Kwa Tilo hiyo ni sehemu ya kukaa tu, programu inajiendesha, na mikono yake isiyokuwa na kazi ndiyo iliyoleta balaa. Maana alianza kutazama pembe ya skrini, kwenye ile namba ndogo inayoonyesha kompyuta inachora picha ngapi kwa sekunde. Katika sehemu ya kati kuna mahali jicho linainuka kidogo halafu linashuka, na pale shuka lilimeta mara moja, likatoweka na kurudi kwa kasi ya kope. Hakuna aliyeshtuka. Tilo alishtuka, kwa sababu wakati shuka lilipotoweka ile namba iliruka juu.

"Imepumzika," alinong'ona.

"Nini?"

"Kompyuta. Kama nukta zingekuwa zimekwenda pabaya, bado ingekuwa na kazi ya kuzipeleka huko pabaya. Lakini imepumzika. Haikuchora kabisa!" Alinishika mkono. "Hedi, tatizo halikuwa kwenye kupinda. Haikuwa fomula hata siku moja!"

Nilimsogeza ili nione ratiba yangu ya taa, naye akaendelea kunong'ona haraka haraka, hajali nasikia au sisikii. Kupinda kunafanyika ndani ya kadi ya picha peke yake. Kompyuta yenyewe haijui habari hizo. Kwa hesabu yake shuka bado limelala tambarare sakafuni kama lilivyotandazwa siku ya kwanza. Na kompyuta ni mvivu wa busara, kitu ambacho jicho halikioni inakitupa mapema ili isihangaike nacho. Jicho likitazama juu, inahesabu: shuka liko chini sakafuni, halionekani, tupa. Inalitupa kabla halijafika kwenye kadi ya kulipinda. Dawa yake ni kuiambia kompyuta kwamba shuka limejaza ukumbi mzima, toka sakafu hadi paa, isithubutu kulitupa.

"Ni namba moja," alisema. "Namba moja tu!"

Jukwaani Henrike alikuwa ameanza kurudi nyuma kuelekea alama yake. Wimbi lilikuwa linanyanyuka.

"Tilo, umeahidi."

"Nilimwahidi kuacha kutafuta. Sikutafuta, limekuja lenyewe."

"Acha. Anacheza na lile giza. Pale pana taa moja tu."

"Anacheza na giza kwa sababu nilishindwa kumpa kuba!" Macho yake yalikuwa yamejaa machozi, sitanii. Alimpenda Henrike kama sisi sote tulivyompenda, na alikuwa na hakika kwamba anamletea zawadi. "Nisipoliweka sasa hataliona maisha yake yote."

Mikono yangu yote miwili ilikuwa kwenye vitelezo vya taa, maana hapo ninazishusha zote kwa pamoja na kubakiza ile moja ya kushoto, na nikiachia hata kimoja jukwaa linameta. Nilimpiga teke chini ya meza. Nilimpata vizuri, kwenye ugoko. Hakulihisi. Aliwapa ishara ya kichwa wale wenzake waliosimama nyuma, wakainama kutazama skrini yake, na huku programu inakwenda akaandika namba yake na kubonyeza.

Jicho likapanda, na shuka halikupotea.

Lazima niseme ukweli, maana sipendi kumdhulumu mtu: sijawahi kuona kitu kizuri namna ile kwenye ukuta. Lilikunjika juu yetu sote, jeupe lenye ubuluu, kila nukta mahali pake, mwanga ukiteleza juu ya mgongo wake wote bila kukwama. Ukuta ulikuwa ukuta na sasa haukuwepo, tulikuwa chini ya kuba linalopumua. Ukumbi mzima ukavuta pumzi. Kutoka kibandani mimi naona visogo tu, na niliona visogo vyote vikiegemea nyuma, safu kwa safu, mabibi wa mtaa, wacheza ngoma, watoto. Wote walitazama juu.

Chini kabisa, katika taa yangu hafifu iliyokuwa imemezwa na ule weupe, Henrike alikuwa ameinua mikono. Niliona alivyosubiri giza. Aliona sakafu haijawa nyeusi, akaelewa. Hakugeuka nyuma. Alizishika pumzi zake mbili tatu, kisha akaanza kuishusha mikono, polepole, kama alivyofanya siku ile, na kwa macho yangu alifanya vizuri kuliko siku ile. Nilipandisha taa yake mpaka mwisho. Haikusaidia kitu. Projekta ya Tilo ilikuwa na nguvu ya taa zangu zote.

Dakika ikaisha. Watu walipiga makofi katikati ya ngoma, vichwa bado viko juu, na Henrike alikuwa anamalizia kuteremsha vidole. Wale wa visanduku walipiga meza yetu kwa viganja mpaka kikombe changu kikaanguka. Kwao kupiga meza ni kuzomea, lakini safari hii walikuwa wanashangilia, na Tilo alikuwa analia na kucheka.

Baadaye, ukumbi ulipokuwa mtupu, nilikwenda chumba cha kuvalia. Henrike alikuwa ameketi kwenye benchi anabandua plasta kwenye goti, mguu kwenye beseni la barafu. Maua yalikuwa kwenye sinki. Nikakaa karibu yake nikamshikia taulo.

Tilo aliingia na glasi tatu za mvinyo wa matofaa, uso unang'aa.

"Uliliona? Uliliona, Henrike? Lilikaa! Wameuliza wote jina langu, mmoja anataka tulipeleke Berlin. Nikawaambia ni lako, nikawaambia ni la Henrike Zobel."

"Niliona mwanga wake sakafuni," alisema Henrike.

"Umefurahi?"

Alivuta plasta iliyobaki, ikatoka na vinyweleo, akakunja uso kidogo.

"Kulikuwa na mtu yeyote aliyenitazama?"

Alikuwa anauliza kweli, kama mtu anayeuliza kama mvua ilinyesha alipokuwa amelala. Nikasema, "Mimi." Akanigusa mkono. Kisha sote wawili tukamtazama Tilo, na nikaona jambo lilipomwingia. Lilianza machoni, likashuka. Aliweka glasi chini moja moja, kwa uangalifu mwingi, kana kwamba ni za mtu mwingine.

"Ulikuwa unamaanisha," alisema. "Siku ile ya viazi."

"Ndiyo."

"Nilidhani..." Akapangusa uso kwa lile shati la pasi. Halafu, masikini wa Mungu, akafikiria, na akapata wazo, na uso ukamrudia. "Sikiliza. Naweza kuirudisha. Ni namba moja tu, naifuta, shuka linapotea vilevile kama zamani, palepale. Sasa hivi. Sijazima kitu, programu bado inakwenda."

Henrike alitoa mguu kwenye barafu, akaupangusa na lile taulo, taratibu, kidole kwa kidole.

"Tilo," alimwambia, bila hasira yoyote, "watu wameshakwenda nyumbani."